Kano ya Goti Ikichanika: Tiba Bila Kisu

Goti ndipo inapokutana mifupa miwili mirefu kuliko yote mwilini, wa paja na wa muundi, na jambo la ajabu ni kwamba mifupa hiyo haikuingiliana hata kidogo. Nyonga ina kikombe kinachopokea kichwa cha mfupa, goti halina. Ncha ya mfupa wa paja, yenye vifundo viwili vya mviringo, imeegeshwa tu juu ya uso wa muundi ulio karibu kuwa bapa, mfano wa mtungi juu ya kichwa cha mchota maji. Ngata ipo: ni vitakia viwili vya gegedu viitwavyo meniskasi. Lakini ngata peke yake haiuzuii mtungi usidondoke mbebaji anapokata kona. Inahitajika mikono ya kuushika, na kwenye goti mikono hiyo ni kano nne pamoja na misuli inayozisaidia.

Kano mbili ziko pembeni, moja upande wa ndani unaotazamana na goti la pili, nyingine upande wa nje. Hizi hulizuia goti lisipinde kwenda kushoto au kulia. Mbili nyingine zimejificha katikati ya kiungo, zimekatizana kama herufi X: kano ya msalaba ya mbele, ambayo wachambuzi wa soka wameizoea kwa jina la ACL, na kano ya msalaba ya nyuma, yaani PCL. Ya mbele huuzuia muundi usichomoke kuja mbele wala usijizungushe kupita kiasi. Ya nyuma huuzuia usirudi nyuma. Mtu anaposema ameteguka goti, swali la kwanza la tiba ni ipi kati ya hizo nne, kwa sababu kila moja ina tabia yake ya kupona. Ushauri wa jirani aliyepona kwa wiki sita za bandeji unaweza kuwa wa kweli kwa goti lake na wa hatari kwa goti la mwingine.

Swali la pili ni kiasi cha kuchanika. Madaktari hugawa jeraha katika madaraja matatu. Katika daraja la kwanza nyuzi zimevutika, panauma, lakini goti halichezi. Katika la pili sehemu ya nyuzi imekatika na goti limeanza kulegea. Katika la tatu kano imekatika yote. Hapa pana mtego: daraja la tatu wakati mwingine huuma kidogo kuliko la pili, kwa kuwa hakuna tena nyuzi zilizobaki za kuvutwa. Mchezaji hunyanyuka, hutembea hadi pembeni ya uwanja, na wenzake humwambia ni mshtuko tu.

Kano ya msalaba ya mbele mara nyingi huchanika bila mtu kuguswa na yeyote. Mchezaji anakimbia, anafunga breki ghafla ili ageuke, mguu umeganda chini na mwili umeshazunguka. Wengi husimulia kwamba walisikia mlio, kama kijiti kikavu kinachovunjika, na goti likavimba ndani ya saa chache. Uvimbe wa haraka kiasi hicho ni damu, na damu ndani ya goti ni sababu tosha ya kumwona daktari. Kano ya upande wa ndani huumia goti linapogongwa kutokea nje, kama katika kukwatuliwa kwa pembeni. Ya msalaba ya nyuma huumia mtu anapoangukia goti lililokunjwa, au muundi unapojigonga mbele ya kiti cha gari au kwenye chuma katika ajali ya pikipiki. Ajali za bodaboda zina hatari ya ziada ya kukata kano mbili au tatu kwa mpigo. Unyayo ukiwa baridi, umepauka au umekufa ganzi baada ya ajali ya namna hiyo, huenda mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti umeumia, na hiyo ni dharura ya saa, si ya siku.

Kwa ACL, kipimo cha thamani kuliko vyote kinahitaji mikono miwili tu. Mgonjwa hulala chali, goti likiwa limekunjwa kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja wa mtaalamu hushika paja juu ya goti, wa pili hushika muundi chini yake na kuuvuta mbele. Kano ikiwa nzima, muundi hugota, kama kamba iliyofika mwisho wa urefu wake. Ikiwa imekatika, muundi huteleza na ule mgoto hausikiki. Kipimo hicho hubeba jina la John Lachman, daktari wa mifupa wa Philadelphia, Marekani, na kilielezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1976. Mtaalamu makini huanza na goti zima, kwa sababu kuna watu walioumbwa na viungo vilegevu tangu kuzaliwa. Kama goti limevimba mno na misuli imekaza kwa maumivu, kipimo kinaweza kudanganya, hivyo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili.

Eksrei haionyeshi kano. Hupigwa ili kuhakikisha hakuna mfupa uliovunjika, hasa kwa mtu wa miaka 55 na zaidi, au asiyeweza kwenda hata hatua nne, au asiyeweza kukunja goti nusu ya njia. MRI ndiyo huonyesha kano yenyewe pamoja na meniskasi, lakini mashine zake ziko miji mikubwa na bei yake si ya kila mfuko. Kuikosa si sababu ya kutoanza tiba, mradi mikono iliyopima ni ya mtu anayejua.

Siku tatu za kwanza zina lengo dogo: kutuliza uvimbe na kutoliongezea goti madhara. Kwa miongo mingi kanuni ilikuwa kupumzika, barafu, bandeji na kuinua mguu, kanuni iliyoenezwa na daktari wa Marekani Gabe Mirkin katika kitabu cha mwaka 1978. Mirkin mwenyewe baadaye alibadili msimamo, akasema barafu na mapumziko ya kupindukia huenda vikachelewesha kupona. Barafu bado inafaa kwa maumivu, ikiviringishwa katika kitambaa na kuwekwa dakika 15 hadi 20, lakini haiponyi kano. Bandeji ya kuvutika na mguu kuinuliwa juu ya mto husaidia uvimbe. Magongo hutumika mradi mtu bado anachechemea, na huachwa pale mwendo unapokuwa sawa.

Kinachodhuru siku hizo ni kile ambacho nyumba nyingi hukikimbilia kwanza, yaani maji ya moto na kuchuliwa. Mishipa midogo iliyokatika bado inavuja. Joto huipanua, na vidole vya mkandaji huzidi kuifungua. Zaidi ya hapo, mkandaji anayevuta goti ili "lirudi mahali pake" anavuta kano ambayo haikuhama popote. Imechanika, haikutoka. Mkono wa kuchua una nafasi yake wiki kadhaa baadaye, kwenye misuli ya paja iliyokakamaa, mbali na jeraha lenyewe. Na hogo la kutoka pajani hadi kifundoni kwa wiki sita, lililokuwa jambo la kawaida zamani, limeachwa kwa majeraha mengi ya kano: goti hutoka humo gumu kama gogo na paja likiwa limekonda.

Kati ya kano zote nne, ya upande wa ndani ndiyo yenye bahati. Ni utepe mpana ulio nje ya kiungo, umezungukwa na nyama yenye damu ya kutosha, na ikichanika ncha zake hukaa jirani. Bonge la damu hujikusanya pengoni, chembe hai huingia, na nyuzi mpya hufumwa. Hata daraja la tatu, ikiwa ni kano hiyo peke yake, kwa kawaida hupona bila upasuaji. Kinachohitajika ni kuilinda isivutwe kwenda pembeni huku goti likiendelea kukunjwa na kukunjuliwa, na ndiyo kazi ya kishikio chenye bawaba: vyuma viwili kandokando ya goti vinavyoruhusu mwendo wa mbele na nyuma na kukataa wa pembeni. Soksi ya goti inayouzwa kwenye maduka ya dawa haifanyi kazi hiyo. Hutoa joto na kumpa mvaaji utulivu wa moyo, basi. Daraja la kwanza hutulia katika wiki moja hadi tatu. La tatu huhitaji wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi, kabla ya kurudi uwanjani.

Kano ya msalaba ya nyuma nayo hupona vizuri ikiwa imeumia peke yake. Adui wake ni uzito wa muundi wenyewe, ambao mtu akilala chali hudidimia kwenda nyuma na kuiacha kano ikipona ikiwa ndefu kupita kiasi. Kwa hiyo mto mdogo huwekwa chini ya shavu la mguu wakati wa kulala, mazoezi mengine hufanywa mtu akiwa kifudifudi, na mazoezi ya kuvuta kisigino kwa uzito husubiri wiki kadhaa, maana misuli ya nyuma ya paja huuvuta muundi upande uleule mbaya. Kano ya upande wa nje ni habari nyingine. Ikikatika kabisa, aghalabu hukatika pamoja na jamaa zake wa kona ya nyuma ya goti, na hapo tiba isiyo ya kisu huwa na matokeo hafifu. Huyo ni mgonjwa wa kumwona daktari wa upasuaji mapema.

Ubishi mkubwa uko kwenye ACL. Kano hii inaishi ndani ya kiungo, imezungukwa na ute wa goti. Ikikatika, ute huo huzuia bonge la damu lisishike kati ya ncha mbili, na ncha zenyewe huachana. Ndiyo maana kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba ACL iliyokatika haijiungi, na kwamba kijana mwenye kupenda michezo lazima atengenezewe nyingine kwa kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mguu wake. Nusu ya kwanza ya hukumu hiyo imeanza kutikisika. Nusu ya pili imetikisika zaidi.

Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha vijana 121 wenye ACL zilizochanika karibuni. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema, kisha mazoezi. La pili lilianza na mazoezi, upasuaji ukiachwa kama akiba kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana kwa maana katika maumivu, utendaji wa goti wala hali ya maisha. Katika kundi la pili lenye watu 59, waliokuwa wamefanyiwa upasuaji kufikia hapo ni 23, na kufikia mwaka wa tano walikuwa 30. Yaani karibu nusu waliishi miaka mitano bila kisu. Wanamichezo wa kulipwa hawakuwamo katika jaribio hilo, jambo ambalo wanaolitaja husahau kulisema. MRI za vijana haohao zilipochambuliwa upya baadaye, kati ya 30 waliochambuliwa ambao hawakuwa wamefanyiwa upasuaji kwa miaka miwili, 16 walionyesha dalili za kano kuungana tena.

Upande wa pili wa mizani uko Uingereza. Jaribio la watu 316 lililochapishwa mwaka 2022 lilichagua wagonjwa wa aina nyingine: jeraha lao lilikuwa la siku nyingi, na magoti yalikuwa bado yanalegea. Kwa hao upasuaji ulishinda. Majaribio haya mawili hutajwa kana kwamba yanapingana, na kumbe yanajibu maswali tofauti. Goti bichi linastahili kupewa nafasi ya kujifunza. Goti ambalo miezi imepita na bado linamwangusha mwenyewe limeshatoa jibu lake.

Kinachowatenganisha wanaofaulu na wasiofaulu si ukubwa wa pengo linaloonekana kwenye picha. Wapo watu ambao misuli na mishipa yao ya fahamu hujifunza kulishika goti bila kano ile, hata wakakimbia na kuruka. Hines Ward alicheza misimu 14 ya mpira wa Kimarekani katika timu ya Pittsburgh Steelers na kuwa mchezaji bora wa fainali ya mwaka 2006, ilhali goti lake la kushoto halikuwa na ACL tangu ajali ya baiskeli ya utotoni. Huyo ni wa pekee na si wa kuigwa na kila mtu. Lakini kwa fundi seremala, mwalimu, mama muuza mboga au kijana anayecheza mpira Jumapili tu, goti lililofunzwa vizuri mara nyingi hutosha kwa kazi zote za maisha.

Mbinu mpya zaidi imetoka Sydney, Australia, kwa madaktari Mervyn Cross na mwanawe Tom Cross. Mgonjwa aliyeumia chini ya mwezi mmoja hufungwa kishikio kinacholikunja goti nyuzi 90 usiku na mchana kwa wiki nne, ili ncha za ACL zikaribiane, kisha huachiwa kidogo kidogo hadi wiki ya 12. Dawa za kuzuia damu kuganda hutolewa, kwa sababu mguu uliokunjwa muda wote huo ni makao mazuri ya bonge la damu. Katika ripoti ya mwaka 2023 yenye wagonjwa 80, asilimia 90 walionyesha kano iliyoungana kwenye MRI ya mwezi wa tatu. Idadi hiyo inavutia, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha, na baadhi walichanika tena. Si jambo la kujaribiwa nyumbani kwa kufunga mguu na kanga.

Mazoezi ndiyo tiba yenyewe, na ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote kwa sababu hayana sindano wala kidonge. Huanza na jambo dogo kiasi cha kuchekesha. Mgonjwa hukaa sakafuni mguu umenyooka, kanga iliyokunjwa ikiwa chini ya goti, na anaagizwa aibonyeze kanga kwa nyuma ya goti na kuhesabu hadi kumi. Wengi hushindwa. Paja linatetemeka, pia ya goti haisogei. Si uvivu: goti lililovimba hutuma habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo huizima misuli ya mbele ya paja ili kulilinda. Msuli uliozimwa hukonda ndani ya wiki mbili tu. Kwa hiyo kanga hubonyezwa mara kumi, mara kadhaa kwa siku, mpaka msuli uwake tena. Vituo vyenye mashine ya kusisimua misuli kwa umeme huitumia kusaidia. Sambamba na hilo, kisigino huburutwa kuelekea makalio ili goti likunjike, na mguu hunyooshwa kabisa. Nyuzi tano zinazokosekana katika kunyooka huonekana kama si kitu, lakini ndizo zinazomfanya mtu achechemee mwaka mzima.

Kisha huja nguvu: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, kupanda ngazi moja kwa mguu mbovu na kushuka polepole, kuinua makalio ukiwa umelala chali. Kwa aliyeumia ACL, misuli ya nyuma ya paja hutiliwa mkazo kwa sababu huuvuta muundi nyuma na kuifanya sehemu ya kazi ya kano. Baiskeli hufaa sana mara goti linapokunjika vya kutosha kumaliza mzunguko wa pedeli, na kiti chake huinuliwa mwanzoni. Hatua ya mizani huanza kwa kusimama mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, halafu kusimama juu ya mto, halafu kufumba macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, akiwamo Lynn Snyder-Mackler, walionyesha faida ya kumsimamisha mgonjwa juu ya ubao usiotulia huku mtaalamu akiusukuma bila taarifa. Misuli hujifunza kukamata kabla akili haijapata habari.

Mwamuzi wa kasi ya mazoezi ni uvimbe. Mtaalamu hupangusa upande wa ndani wa goti kwa kiganja kuelekea juu, kisha hupapasa upande wa nje kushuka. Kiwimbi cha maji kikirudi ndani, goti halijakubali kazi ya jana, na mzigo hupunguzwa. Kukimbia moja kwa moja hujaribiwa kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi. Michezo ya kukata kona husubiri miezi sita hadi tisa au zaidi, na kalenda peke yake haitoshi: mguu ulioumia unapaswa kufikia angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake, na mruko wa mguu mmoja ufike karibu umbali sawa. Tepu ya fundi cherehani na chaki sakafuni vinatosha kuupima.

Dawa hukaa pembeni ya haya yote. Parasetamoli hutuliza, diklofenaki na ibuprofeni hutuliza zaidi lakini humgharimu mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu, na hazistahili kumezwa kwa miezi. Sindano za steroidi ndani ya goti hazifai kwa kano mpya iliyochanika, kwani zinaweza kudhoofisha nyuzi. Sindano za chembe sahani zinazotolewa katika damu ya mgonjwa mwenyewe zinauzwa kwa bei kubwa, na ushahidi wake kwa kano zilizokatika bado ni mwembamba.

Maisha ya kila siku yana mitihani ambayo vitabu vya kigeni haviitaji. Choo cha kuchuchumaa hulikunja goti hadi mwisho na kumgeuza mtu katika nafasi finyu; stuli yenye tundu au choo cha kukaa kwa wiki chache ni sehemu ya tiba. Mwenye kuswali anayo ruhusa ya kusali kwenye kiti. Abiria wa bodaboda hupanda kwa kuuacha mguu mzima chini, na kushuka vivyo hivyo.

Zipo dalili zinazoonyesha kwamba njia hii imefika ukingoni. Goti lililokwama lisilonyooka wala kukunjika huenda limebanwa na kipande cha meniskasi. Kijana ambaye kano imeng'oka na kipande cha mfupa, na mtu mwenye kano zaidi ya moja zilizokatika, huhitaji daktari wa upasuaji tangu mwanzo. Kwa waliobaki, ishara kubwa ni goti kulegea ghafla tena na tena katika mambo ya kawaida, kama kushuka daladala au kugeuka jikoni. Kila kulegea kwa namna hiyo kunaweza kuikata meniskasi, na ngata ikiraruka gegedu husagika mapema. Upasuaji wenyewe haujathibitika kuzuia kusagika huko, hivyo hofu ya uzeeni peke yake haimpeleki mtu mezani. Na anayefika huko baada ya miezi mitatu ya mazoezi hakupoteza muda: anaingia chumba cha upasuaji na paja lenye nguvu na goti linalonyooka, mambo mawili ambayo madaktari wengi wa mifupa huyataka kabla ya kushika kisu.